Naomba ushauri: kupima mifumo ya jengo jipya la ghorofa kabla wakazi hatujahamia

Habari zenu wakuu. Tumenunua nyumba kwenye jengo jipya la ghorofa, na wenzangu wameniweka kwenye kamati itakayolipokea kutoka kwa mkandarasi. Ametukabidhi vyeti vya pampu, lifti na king'ora cha moto.

Kinachoninyima usingizi ni kwamba kila fundi amepima chake peke yake. Hakuna aliyekata umeme mkuu huku mifumo yote ikifanya kazi, tuone kama jenereta inawaka yenyewe, pampu ya zimamoto inaendelea kusukuma maji na taa za dharura kwenye ngazi zinabaki zikiwaka. Pia kifaa cha kutambua moshi kikishtuka, je, lifti zinashuka chini na kufungua milango? Feni za kusukuma hewa kwenye ngazi zinaanza? Ghorofa za juu wanahamia wazee na watoto, kwa hiyo cheti pekee hakinitoshi.

Wenye uzoefu, naombeni mnisaidie. Tunaweza kudai jaribio la pamoja, mhandisi wetu wa kujitegemea akiwepo, kabla ya kusaini? Presha ya mabomba ipimwe kwa muda gani kabla ya kuamini hayavuji? Na zile swichi za miliampia 30 zinazokata umeme unapovuja, zipimwe nyumba zote au chache tu? Mimi nasisitiza zote. Michoro ya jengo kama lilivyojengwa bado hatujapewa. Mngekuwa nyinyi, mngepokea funguo bila hiyo?