Tupeane uzoefu: picha iliyokuumbua kwa sababu ukubwa wa vitu ulikataa kuonekana

Mgeni wa Songwe: Wakuu, leo nimefungua simu ya zamani nikakutana na picha zangu za kimondo cha Mbozi. Lile dude lina urefu wa mita 3 hivi, ukisimama kando yake unajiona mtoto. Nikasema nisiweke mtu, picha ikae safi. Kumwonyesha shemeji, akauliza: "Hilo jiwe la kusagia umelitoa wapi?" Nani mwingine yamemkuta?

Kipepeo: Umenikumbusha Ngorongoro. Umesimama ukingoni, kreta ina upana wa karibu kilomita 20, moyo unadunda. Picha imetoka kama bakuli la uji, nyati ni vumbi.

Baba Zai: Bakuli la uji 😂 umemaliza.

Fundi Fremu: Ngoja nitoe yangu. Ndiyo kwanza nimenunua lenzi pana ya milimita 16, ya mkopo, nikapata harusi ya wenye hela. Picha ya ukoo: watu kama 40, ukumbi mdogo, nyuma yangu spika na ukuta. Badala ya kuwatoa nje nikajisemea lenzi ipo. Nikawapanga mstari mmoja mrefu. Mama mzaa bibi harusi, mwili amejaaliwa, akasimama mwisho kabisa kushoto. Kwenye kioo kidogo cha kamera sikuona kitu.

Wiki tatu baadaye napeleka albamu, na ile picha nimeichapisha kubwa ya ukutani, najua leo wataniimba. Sebule imejaa mashangazi. Karatasi ikachanwa. Kimya. Wa katikati wako sawa, bibi harusi mwembamba vilevile, ila kadiri unavyoelekea pembeni watu wanavutika kama unga wa chapati. Mama bega limekuwa mlango wa gereji, kichwa kimelala kama boga. Shangazi mmoja akasema polepole: "Huyu kijana amelipwa na upande wa pili." Mama hata hakugomba. Aliinuka akaingia chumbani, bibi harusi akamfuata. Nimebaki na kikombe cha chai mkononi, sijui ninywe au nikimbie.

Kipepeo: AMELIPWA NA UPANDE WA PILI 😂😂😂

Mama Vikapu: Pole jamani. Ila na wewe, ukutani kabisa?

Prof wa Mtaa: Msimsingizie lenzi. Tatizo ni umbali. Ukimsogelea mtu, pua inakuwa kubwa kwa lenzi yoyote ile.

Fundi Fremu: Pua ni umbali, sibishi. Lakini mama alikuwa mbali nami kuliko bibi harusi aliyekuwa katikati, na bado ndiye aliyevimba. Hiyo ni lenzi pana inavyovuta pembe za picha. Nimelipia ada ya somo hilo.

Prof wa Mtaa: Basi ungewapanga safu tatu, wanene katikati.

Mama Vikapu: "Wanene katikati" utawatangazia kwa kipaza sauti? Pembeni acha nafasi, ukate baadaye.

Mkazi wa Kajiado: Umbali ni kweli lakini. Amboseli tulikuwa karibu kabisa na tembo, kwa simu Kilimanjaro ikatoka kama kichuguu. Dereva akarudi nyuma sana, jamaa mwenye lenzi ya kuvuta vya mbali, milimita 400, akapiga. Tembo wale wale, mlima umejaa fremu nzima.

Baba Zai: Mlima wetu huo, mita 5,895. Msianze.

Mkazi wa Kajiado: Sijasema ni wangu. Nimesema nimeupiga.

Baba Zai: Ndivyo mnavyoanzaga.

Mpangaji: Mnaongelea milima, mimi dalali alinitumia chumba kimepigwa kwa ile kamera pana ya simu, uwanja wa mpira. Nimelipa hela ya kuonyeshwa, kufika, kitanda kikiingia mlango haufungi. Siku hizi natafuta mlango pichani: mlango ni kama mita 2, napima chumba kwa huo.

Prof wa Mtaa: Ukiuona mlango mnene kama kabati, rudi kwenu.

Mama Vikapu: Mie niliuza kikapu nimekipiga peke yake, karibu, kimejaa picha. Dada wa watu akajua ni cha nguo chafu, akapokea cha mayai sita. Sasa naweka embe pembeni.

Mkazi wa Kajiado: Embe gani? Maana dodo na ng'ong'o ni vipimo viwili tofauti.

Mgeni wa Songwe: Uzi wangu wa kimondo umefikia kwenye maembe. Sawa.

Mpangaji: Fundi Fremu, walikumalizia hela?

Fundi Fremu: Walimalizia baada ya kurudia bure. Nje, hatua kama 15 nyuma, lenzi ya milimita 50, safu tatu, mama kwenye kiti katikati kama malkia. Hiyo ndiyo ipo ukutani. Ile ya kwanza aliiomba yule shangazi. Sikuuliza ya nini.