Hattie McDaniel: kucheza kijakazi ni usaliti?

Wakuu, habari za jioni. Juzi tulikuwa tunabishana na jamaa zangu kuhusu mtu mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Oscar. Nilipomtaja Hattie McDaniel, mwigizaji wa Marekani, mmoja akadakia: huyo alizawadiwa kwa kukubali kuwa kijakazi wa wazungu kwenye sinema, hana la kujivunia. Neno hilo limenikaa kooni siku tatu. Nalileta hapa tulijadili kwa hoja, na msimamo wangu nautoa mapema: lawama hiyo anatupiwa mtu asiyestahili.

Tuanzie alikotoka. Alizaliwa Wichita, Kansas, mwaka 1893, kitinda mimba katika familia ya watoto 13. Baba yake alizaliwa utumwani, akaja kupigana upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Hattie akakulia Colorado na kuanza kuimba na kuigiza kwenye vikundi vya kaka zake. Uchumi ulipoporomoka mwaka 1929 alikuwa Milwaukee, hana kazi, na aliyoipata ilikuwa ya kuhudumia choo cha wanawake katika ukumbi wa burudani. Baadaye ndipo akaruhusiwa kupanda jukwaani humohumo, akawa mwimbaji. Mwaka 1931 akahamia Los Angeles, na huko sinema zilipokuwa hazimlishi alipika na kufanya usafi katika nyumba za watu.

Kwa hiyo ukijakazi hakuusoma kwenye karatasi za mwandishi wa filamu. Aliufanya kwa mikono yake. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu mama yangu mdogo amelea watoto wa watu Dar es Salaam zaidi ya miaka 20, na kila nikisikia neno "hausigeli" linatamkwa kama tusi, najua nani anatukanwa.

Kisha ikaja Gone with the Wind, mwaka 1939, filamu ya Marekani ya Kusini enzi za utumwa, alipocheza Mammy, mtumwa wa nyumbani. Filamu ilipozinduliwa Atlanta mwezi Desemba, waigizaji weusi hawakuhudhuria, maana sheria za Georgia zilitenga watu kwa rangi. Usiku wa tuzo, tarehe 29 Februari 1940, katika hoteli ya Ambassador mjini Los Angeles, ilibidi mtayarishaji David O. Selznick aiombe hoteli imruhusu Hattie kuingia tu. Akaketishwa kwenye meza ndogo kando ya ukuta, mbali na wenzake aliocheza nao. Kutoka meza hiyo ndiko alikoinuka kwenda kupokea tuzo. Mtu mweusi mwingine wa kushinda Oscar ya uigizaji, Sidney Poitier, alipatikana mwaka 1964. Hesabu wenyewe hiyo miaka.

Sasa upande wa pili, nao una hoja nzito. Walter White, kiongozi wa NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, alifika Hollywood mwaka 1942 kuwabana wakuu wa studio waache kumwonyesha mtu mweusi kama mtumishi mnyenyekevu au mjinga wa kuchekwa. Alisema picha hizo zinampa mzungu ruhusa ya kumdharau mtu mweusi mtaani. Katika hilo naungana naye. Mammy ni mtumwa anayewapenda waliommiliki kuliko anavyojipenda, na filamu nzima inausafisha utumwa. Hakuna haja ya kulificha hilo ili kumtetea Hattie.

Ila angalieni nani alibanwa. Studio zikatoa ahadi, nafasi za utumishi zikapungua, na nafasi mpya za heshima zikaja kwa kudonadona. Waliobaki bila kazi ni waigizaji weusi wa zamani, ambao hata hawakushirikishwa kwenye mazungumzo yale. Aliyeandika, aliyetoa fedha na aliyegawa nafasi wakaendelea kula. Jibu linalotajwa kuwa la Hattie ni kwamba heri acheze kijakazi kwa dola 700 kwa wiki kuliko kuwa kijakazi kwa dola 7. Watu wanalichukulia kama neno la mtu asiyejali. Mimi nalisikia kama neno la mtu aliyewahi kulipwa zile 7. Na Lena Horne, msichana ambaye White alimtaka awe sura mpya ya mwanamke mweusi kwenye sinema, alisimulia mwenyewe kwamba Hattie alimwita nyumbani kwake na kumtia moyo wakati wengine walimnunia.

Kuhusu redio na televisheni, kuna kisa cha Beulah. Huyu ni mfanyakazi wa ndani wa kubuni, mwanamke mweusi, lakini redioni sauti yake kwa miaka ya mwanzo ilikuwa ya mwanamume mzungu. Hattie alipoichukua nafasi hiyo mwaka 1947, alisimamia kwamba hatazungumza kile Kiingereza kilichovunjwavunjwa ambacho waandishi walidhani ndicho watu weusi huzungumza. Kipindi kilipohamia televisheni mwaka 1950, alianza mwigizaji Ethel Waters; Hattie akaja baada yake, akarekodi vipindi vichache tu kabla saratani ya matiti haijamwangusha. Beulah aliendelea kuwa mtumishi, nakubali. Lakini hakuongea tena kwa mdomo wa mzungu.

Jambo ambalo wanaomlaumu hawalitaji kabisa ni nyumba yake. Alinunua nyumba kubwa West Adams Heights huko Los Angeles, mtaa ambao watu weusi wenye uwezo waliuita Sugar Hill. Hati za nyumba nyingi pale zilikuwa na kifungu kinachokataza mtu mweusi kumiliki au kuishi humo. Baadhi ya majirani wazungu wakafungua kesi wakazi weusi watolewe. Hattie akawakusanya wenzake nyumbani kwake kupanga utetezi, wakiwemo waigizaji Louise Beavers na Ethel Waters, na wakili wao akawa Loren Miller. Desemba 1945 jaji Thurmond Clarke akaitupa kesi ile, akisema wakati umefika watu weusi wapewe haki zote wanazohakikishiwa na katiba. Hiyo ni zaidi ya miaka miwili kabla Mahakama Kuu ya Marekani haijaamua, mwaka 1948, kwamba mahakama haziwezi kulazimisha vifungu vya namna hiyo. Msaliti gani huyo anayeisimamia kesi ya mtaa mzima?

Alifariki Oktoba 1952. Aliomba azikwe Makaburi ya Hollywood, wakakataa kwa sababu ya rangi yake, akazikwa Rosedale. Tuzo yake aliiachia Chuo Kikuu cha Howard, ikapotea hukohuko. Mwaka 2023 chuo kikakabidhiwa nyingine badala yake.

NYONGEZA: Mchangiaji mmoja hapo chini ameuliza kwa nini Hattie hakukataa kama Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji mweusi ambaye mwaka 1942 alitangaza kuipa Hollywood kisogo. Asante ndugu yangu, hili ndilo swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa hapa. Robeson namheshimu sana, na uamuzi wake ulimgharimu. Lakini alikuwa na shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha Columbia, na kumbi za Ulaya zilijaa watu waliokuja kumsikiliza akiimba. Hattie aliacha sekondari Denver ili aimbe na kikundi cha familia, na mwaka huo 1942 alikuwa anakaribia miaka 50. Robeson alipofunga mlango wa sinema alikuwa na milango mingine. Halafu kuna jambo dogo: mwaka 1936 wote wawili walicheza ndani ya filamu ya Show Boat, Robeson kibarua wa bandarini na mvivu, Hattie mpishi na mke wake. Sijawahi kumsikia mtu akimwita Robeson msaliti kwa nafasi ile. Anayejua kwa nini mwanamume yule alisamehewa na mkewe wa kwenye filamu akashikiliwa mpaka leo, naomba aniandikie, nitasoma.