Mjadala: Je, sheria imruhusu mwalimu na baharia kumchoma adrenalini mtu aliyezidiwa na mzio?

Mama wa Wete (mtoa mada)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naileta mada hii kwa sababu yamenikuta, na nataka nizisikie hoja za wanaopinga kabla sijampelekea barua mwakilishi wetu.

Mwanangu wa pili ana miaka tisa na ana mzio wa ufuta. Tulijua tangu akiwa mdogo: alimega mkate wa ufuta mara moja tu, midomo ikamvimba. Tukadhani mambo yake ni hayo, uvimbe na kuwashwa, basi. Mwaka jana tulikuwa botini tunarudi Pemba. Nungwi tumeshaiacha nyuma na Pemba bado haijaonekana. Abiria wa siti ya mbele akampa kashata ya njugu, mimi nimesinzia. Kumbe imekatwa kwa kisu kile kile kilichokata kashata za ufuta.

Haikufika hata robo saa. Alianza kujikuna viganja vya mikono, kisha kikohozi kikavu kisichokwisha, sauti ikakauka, akatapika. Nikamshika uso, umekuwa wa baridi na umelowa jasho. Watu walinisaidia kwa walichokuwa nacho. Mmoja alileta maziwa, mmoja kidonge cha Piriton, mzee mmoja akakaa chini akamsomea. Mungu awalipe wote. Baharia akaja na sanduku la huduma ya kwanza mbio mbio, akalifungua mbele yangu: bandeji, pamba, spiriti, vidonge vya kichwa. Abiria mmoja alikuwa nesi. Akalitazama lile sanduku, akasema, "Hapa inatakiwa adrenalini, na humu hamna." Akamlaza mtoto sakafuni, miguu akaipandisha juu ya begi langu la nguo, akamzuia kila aliyetaka kumnyanyua. Tulifika Mkoani mtoto yu hai, na sindano akaipata hospitali.

Baadaye niliuliza kwa nini boti haibebi dawa ile. Nikajibiwa: hata ikiwepo, nani atathubutu kuchoma? Mtoto akifia mkononi mwake, nani atamtetea?

Jibu hilo ndilo lililonileta hapa. Ontario, huko Canada, msichana wa miaka 13 aitwaye Sabrina Shannon alifariki mwaka 2003 baada ya kula chipsi za skuli zilizoguswa na maziwa. Wakatunga sheria yenye jina lake, ikaanza kazi Januari 2006. Kila skuli lazima iwe na mpango na mafunzo, na mwalimu akimpa mtoto dawa kwa nia njema katika dharura, hashitakiwi. Nasi Zanzibar, afya si jambo la Muungano. Baraza letu la Wawakilishi pale Chukwani linaweza kulitunga hili lenyewe. Nataka boti, skuli na hoteli ziwe na dawa hii, na anayeichoma kwa nia njema akingwe na sheria. Karibuni.

Kijana wa Fuoni

Pole sana dada, na alhamdulillahi mtoto kapona. Lakini mimi sikubaliani. Sheria ni rahisi kuandika. Zile sindano za kalamu wanazotumia wenzetu, zenye dawa ya adrenalini iliyokwisha kupimwa ndani, Marekani kwenyewe mwaka 2016 watu walipiga kelele pakiti ya mbili ilipopita dola 600. Skuli ya kijijini isiyo na chaki itazipata wapi? Na kusema kweli mzio wa namna hiyo ni ugonjwa wa wazungu. Huku watu wanakufa kwa malaria na uzazi. Tuanze na hayo.

Nesi wa Chake

Kijana wa Fuoni, mdogo wangu, hapo kwenye "ugonjwa wa wazungu" nakukatalia. Nina miaka kumi na saba wodini, na kwa jambo hili sijampokea mzungu hata mmoja. Niliowapokea ni wachuma karafuu waliovamiwa na nyuki juu ya mti, mama aliyekula kamba harusini, na wengine waliochomwa penisilini. Wapo walioandikiwa pumu, wapo walioambiwa presha imeshuka, na wapo ambao ndugu zao waliamini ni jini. Tusichokipa jina lake hatuwezi kukihesabu, kisha tunasema hakipo.

Tena suala ni muda. Kuna utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2000, uliowachunguza waliokufa kwa mzio. Kwa kadiri ya kati, tangu kukutwa na kitu mpaka moyo au pumzi kusimama ilikuwa dakika 30 kwa chakula, 15 kwa kuumwa na mdudu, na 5 kwa dawa za hospitali. Dakika kumi na tano! Mtu aliyeumwa na nyuki shambani, gari litafutwe, lije, limfikishe hospitali, yote ndani ya dakika hizo?

Niseme na hili, maana naliona kila siku. Piriton huondoa kuwashwa. Haifungui koo lililovimba wala hainyanyui presha iliyoanguka. Adrenalini ndiyo inayofanya yote mawili. Na jamani, bodaboda! Mgonjwa wa mzio presha imeshuka, tunamkalisha wima katikati ya dereva na mama yake, shingo inaning'inia. Damu inabaki miguuni, moyo unakosa cha kusukuma. Alazwe, miguu juu. Anayehema kwa taabu ndiye aachwe akae, miguu ameinyoosha, na asisimamishwe. Yule nesi wa botini alijua anachokifanya.

Lakini dada yangu wa Wete, na wewe sikuungi mkono kwa kila kitu. Kalamu ni ghali, kweli, na dawa yenyewe kwenye kichupa cha kioo, ampuli, ni ya bei ndogo na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Tatizo la ampuli ni kipimo. Ndani yake mna miligramu 1 katika mililita 1. Mtu mzima hupewa nusu mililita, mtoto wa miaka sita hadi kumi na mbili 0.3, aliye chini ya hapo 0.15. Huchomwa pajani, upande wa nje, katikati, ndani ya nyama. Ikisukumwa yote kwenye mshipa wa damu, moyo unaweza kuvurugika. Nilishamwona mwanafunzi wa unesi akivunja shingo ya ampuli mbele ya mgonjwa anayekoroma: kioo kilimkata kidole, nusu ya dawa ikamwagika mezani, na bomba la sindano likamtetemeka mkononi. Yule kasomea. Baharia je?

Sipingi, nasema ifanywe vizuri. Sindano ndogo zitiwe alama kabisa, mstari mmoja wa mtoto na mmoja wa mkubwa, na kadi ya maelezo ya Kiswahili ndani ya boksi moja. Mafunzo kila mwaka, kwa mikono, si kwa hotuba. Na dawa hii haipendi joto: isizidi nyuzi 25, isikae kwenye mwanga. Ikigeuka ya kahawia, itupwe. Chumba cha nahodha kwenye jua la Januari si mahali pake.

Mvuvi wa Kojani

Naomba kuuliza. Mimi nikila jodari aliyelala juani, uso huwa mwekundu, mwili unawaka, kichwa kinagonga. Jodari mbichi wa siku hiyo hanifanyi kitu. Na mimi ni wa kuchomwa?

Nesi wa Chake

Hapana kaka, huo kwa kawaida si mzio. Samaki wa namna ya jodari akikaa bila barafu, vijidudu hutengeneza ndani yake kemikali ile ile ambayo mwili huitoa wakati wa mzio, ndiyo maana dalili zinafanana. Hata kumpika hakuiondoi. Dawa yake ni barafu tangu baharini. Ila siku ukihema kwa shida au ukazirai, usikae ukajiuliza ni jodari au ni mzio. Njoo.

Kijana wa Fuoni

Basi hapo hapo nesi, umenijengea hoja. Kama jodari anafanana na mzio, mwalimu atatofautishaje? Machi 2024 Kisiwa Panza wamekufa watu 9, wanane kati yao watoto, kwa nyama ya kasa. Ile ni sumu. Kama siku ile kungekuwa na maboksi yenu, watu wangekuwa wanachomana adrenalini huku saa za hospitali zinapotea. Hicho ndicho ninachokiogopa.

Nesi wa Chake

Hofu yako ni ya haki na siibezi. Kwa hiyo nakuambia kwa uzito: adrenalini ya kipimo sahihi ikichomwa pajani kwa mtu asiye na mzio, mara nyingi matokeo ni moyo kwenda mbio, kutetemeka na uso kupauka, kisha hupita. Mzee mwenye maradhi ya moyo ana hatari zaidi, sikatai. Mwenye mzio mkali akikosa, anaweza kufa. Ukiweka makosa hayo mawili kwenye mizani hayalingani. Na kuchoma hakufuti hospitali. Aliyechomwa lazima apelekwe hata akisimama akacheka, kwa sababu mzio huweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Mwenye mkahawa, Nungwi

Mimi ni mfanyabiashara, niseme upande wetu. Wageni wanakuja na karatasi mkononi: karanga, ufuta, kamba, mayai. Kwao Ulaya mikahawa hulazimika kuwaeleza wateja kuhusu vitu 14, hiyo ni sheria tangu mwisho wa 2014. Huku mpishi wangu anaulizwa "hamna karanga?" anajibu "hamna" kwa ukarimu tu, hataki mgeni aondoke. Nimemkuta na chupa ya mafuta ya ufuta mkononi anajibu hivyo hivyo. Nilimtoa nje tukazungumza kwa muda mrefu. Hakuwa na nia mbaya, hakujua kwamba neno lile linaweza kuua.

Kwa hiyo sheria ianze jikoni. Mpishi aseme kweli, na asipojua aseme sijui. Sindano naikubali, ila msiniandikie faini kwanza. Mkilazimisha kila kibanda cha Forodhani kiwe na adrenalini, kesho watakuja wakaguzi wanaotafuta boksi ili walipwe, na boksi lenyewe litakuwa limeisha muda. Na mgeni tangu Oktoba 2024 analipa bima ya dola 44 kuingia hapa. Sehemu ya fedha hizo ingenunua maboksi kwa hoteli za mwambao na boti zote, na mwananchi angefaidika nayo.

Msomaji wa sheria, Mjini

Tunachanganya mambo matatu: ruhusa, kinga na lazima. Uingereza, kanuni zao za dawa za mwaka 2012 zinaitaja adrenalini miongoni mwa sindano ambazo mtu yeyote anaweza kumchoma mwenzake ili kuokoa maisha. Hiyo ni ruhusa. Mwaka 2017 skuli zao zikaruhusiwa kununua kalamu bila cheti cha daktari, na hazikulazimishwa. Marekani, sheria aliyoitia saini Obama mwaka 2013 haikumlazimisha mtu: iliyapa kipaumbele cha fedha za kutibu pumu majimbo yanayozitaka skuli ziweke dawa hii. Ontario ililazimisha mpango na mafunzo, ikaweka na kinga.

Ningekuwa mimi, ruhusa na kinga ningeviandika kwa watu wote kuanzia siku ya kwanza, havigharimu hata shilingi. Lazima ningeianza kwa boti peke yake. Skuli ina kituo cha afya jirani, hoteli ina gari. Katikati ya mkondo wa Pemba hakuna chochote.

Mama wa Wete

Nashukuruni nyote, na Kijana wa Fuoni nakushukuru zaidi kwa sababu umenilazimisha nifikiri. Nimeibadilisha barua. Kinga kwa kila mtu, boti ziwe za kwanza, skuli zifuate pale ambapo kuna mtoto anayejulikana ana mzio, na mikahawa ianze na kusema kweli. Kipimo kiwe na alama kama alivyosema nesi. La bima ya wageni nimeliandika kama ombi, kwa kuwa fedha zile nami nazitamani lakini si mimi nizigawe.

Ila bwana msomaji, kusema skuli ina kituo jirani ni maneno ya Mjini. Njoo Pemba nikupeleke skuli ambayo kituo "jirani" ni mwendo wa saa nzima kwa miguu.

Mwalimu, Micheweni

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Mimi ni katika hao mnaotaka kuwapa sindano, na nikifunzwa nitachoma, wallahi sitamwachia mtoto wa mwenzangu afe mbele yangu kwa kuogopa mahakama. Nina swali moja la utendaji. Dawa zote skulini kwetu hukaa kwenye kabati la ofisi, kabati lina kufuli, na ufunguo anao mwalimu mkuu, ambaye kwa wiki mara mbili huwa mjini kwa vikao. Barua yako inasemaje kuhusu kufuli?

Mama wa Wete

Haisemi chochote, mwalimu. Naifungua sasa hivi niliandike.