Stempu ya Kijerumani yenye muhuri wa Lamu inauzwa mtandaoni: nitajuaje kama ni ya kweli?

MwanaMkomani

Assalam alaykum wadau. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa.

Mimi ni wa Mkomani, Lamu. Nakusanya stempu tangu shule ya msingi, zaidi za Kenya na za ule wakati wa Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka huu nimeamua kutafuta za hapa kwetu hasa. Kila nikipita Makumbusho ya Posta ya Kijerumani hapa njia kuu roho inaniuma. Mji huu ulikuwa na posta ya Wajerumani tangu 1888, barua zikatoka hapa kwenda Ulaya, na leo karibu zote zimelala kwenye albamu za watu hukohuko. Nataka walau kitu kimoja kirudi.

Nimempata muuzaji kwenye mtandao wa mnada. Ana stempu ya Kijerumani ya pfennig 20 (pfennig ni senti za Wajerumani), ya buluu, tai katikati. Juu yake kuna muhuri mweusi wa mviringo wenye maneno LAMU na OSTAFRIKA, tarehe 14/3/89. Anataka euro 140. Cheti hana, anasema ilikuwa ya babu yake. Pia anauza stempu ya nusu ana (ana ni sarafu ndogo ya zamani, sehemu ya rupia) ya Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, ile ya 1890, euro 60. Ameniandikia kwamba nikimtumia pesa moja kwa moja benki, bila kupitia mtandao wenyewe, atanifanyia 160 kwa zote mbili.

Picha zake ni safi sana. Duka la stempu Lamu hakuna. Mtu mwenye simu na kioo cha kukuzia anaweza kujua lolote akiwa hapa?

Baharia_wa_Malindi

Ndugu yangu, hayo ya benki yakatae leo leo. Ukilipa kupitia mtandao wenyewe, kwa kadi au PayPal, una pa kulalamika kitu kikija sicho, na pesa inaweza kurudi. Ukituma benki, imekwenda. Na hizo euro 40 anazokupunguzia ndizo bei ya haki yako ya kudai. Hata kama ni mtu mwema, usikubali.

Muulize pia kama atapokea stempu irudi endapo wataalamu wataikataa, na muda wa kurudisha uhesabiwe kuanzia siku cheti kitakapotoka, maana kukisubiri kunaweza kuchukua miezi. Wauzaji wenye uzoefu huulizwa hilo kila siku na hawaoni vibaya. Akikasirika, umeshapata jibu.

MzeeWaBahasha

Waalaykum salaam mwanangu. Nikuambie jambo moja ambalo ukilishika mengine yatakuwa mepesi: jiulize thamani imekaa wapi.

Hiyo pfennig 20 ilichapwa kwa wingi mno. Ikiwa na muhuri wa Berlin au Leipzig utaipata kwa bei ya kahawa na kaimati. Kinachoipandisha hadi euro 140 ni wino wa muhuri peke yake. Kwa hiyo anayeghushi hana haja ya kughushi stempu. Anachukua stempu halisi, yenye karatasi halisi na meno halisi (yale ya ukingoni ilipochanwa), anagonga muhuri bandia. Wewe utapima karatasi, utahesabu meno, utalinganisha rangi, na kila kipimo kitakwambia sawa. Huku kitu ulicholipia, yaani muhuri, hujakigusa.

Sasa tuuguse. Posta ya Wajerumani ya Lamu ilifunguliwa 22 Novemba 1888 ikafungwa 31 Machi 1891. Hata mkataba wa Julai 1890 ulioiachia Uingereza eneo la Witu haukuifunga papo hapo. Muhuri wenye tarehe nje ya hapo, funga ukurasa. Wako uko ndani, vyema. Lakini nisomee kitu kimoja. Ikuze ile picha uniambie kwenye stempu yenyewe pameandikwa DEUTSCHE REICHS-POST, au REICHSPOST peke yake? Na uhakikishe mwaka ni 89 kweli, kwa sababu sifuri iliyopakaa wino hufanana na tisa.

Kilindini_Kwetu

Nangoja jibu hapa pamoja na Mzee.

MwanaMkomani

Mzee wangu, nimeikuza mpaka vitone vya picha vinaonekana. REICHSPOST peke yake. Na mwaka ni 89, tarakimu zote mbili zimetoka vizuri, hakuna wino uliopakaa.

MzeeWaBahasha

Basi imekwisha mwanangu. Stempu za REICHSPOST, zile za taji na tai, zilianza kutoka Oktoba 1889. Mnamo Machi mwaka huo posta ya Dola ya Ujerumani ilikuwa ikitumia zile za DEUTSCHE REICHS-POST. Hakuna karani wa Lamu aliyeweza kugonga muhuri kwenye stempu ambayo bado haijatoka.

Aliyeutengeneza alijua miaka ya posta lakini hakujua toleo la stempu aliyoishika. Hujakutana na fundi hodari, na hilo ni la kushukuru. Fundi hodari angeandika 1890, na hapo mimi na wewe tukiwa na picha ya simu tusingeweza kusema neno. Ndiyo maana kwa muhuri wa Lamu msimamo wangu ni mmoja: bila cheti sinunui, hata picha iwe nzuri vipi.

Cheti si karatasi yoyote yenye lakiri. Kwa stempu za Wajerumani wanaoaminika ni wakaguzi wa BPP, chama cha wakaguzi wa stempu Ujerumani, na kila mkaguzi ana fani yake, hivyo umtafute wa makoloni na posta za nje. Kwa za Waingereza kuna kamati ya wataalamu ya Royal Philatelic Society London. Cheti kizuri kina picha ya stempu hiyohiyo. Linganisha meno moja moja, na mahali muhuri ulipokatia ukingo wa stempu. Kisha waandikie waliokitoa, uwape namba yake. Wako wanaochukua cheti cha kweli wakakiambatanisha na stempu nyingine. Vilevile sahihi ndogo zinazogongwa nyuma ya stempu nazo hughushiwa, usizitegemee peke yake.

BintiShela

Dada wa Mkomani (au kaka, samahani sijui), mimi niizungumzie hiyo nusu ana kwa sababu ndiyo ninayoikusanya.

Mei 1890 Kampuni ya Waingereza ilipoanza posta Mombasa na Lamu haikuwa na stempu zake. Ilichukua stempu za Uingereza za peni 1, peni 2 na peni 5, zikachapwa juu yake BRITISH EAST AFRICA COMPANY na thamani mpya: nusu ana, ana 1 na ana 4. Oktoba mwaka huohuo zikafika stempu zake wenyewe, zile za jua na taji. Kwa hiyo matumizi ya hizi za kuchapiwa yalikuwa ya miezi michache.

Hesabu ya Mzee inarudi palepale. Peni 1 ya zambarau ya Uingereza ni katika stempu zilizochapwa kwa wingi kuliko karibu zote duniani, zaidi ya bilioni 33. Mtu akitaka anazo mfuko mzima. Thamani yote iko kwenye yale maandishi meusi.

Mambo ninayoyatazama mimi. Kwanza kona za fremu inayomzunguka Malkia: kila kona ina nukta. Zenye nukta 14 zilitoka miezi michache tu ya 1881, baadaye zikawa 16. Stempu ya kampuni ni ya 1890, kwa hiyo ukikuta 14 weka chini. Pili, mpangilio wa wino. Maandishi ya kampuni yalitangulia, muhuri wa posta ukaja baada yake. Tafuta mahali muhuri unapokatiza herufi, tazama kwa kioo cha kukuza mara 10 mwanga ukitoka ubavuni. Ukiona herufi ya kampuni imepanda juu ya muhuri, hiyo ni stempu iliyokwisha tumika Uingereza ikachapwa baadaye. Mimi huomba picha ya sehemu hiyohiyo tu, kubwa, na muuzaji mkweli huituma.

Tatu, umbo la herufi. Linganisha na picha za mnada mkubwa wenye jina, usilinganishe na picha za wauzaji wadogo, kwa sababu hapo huenda unalinganisha bandia na bandia.

Na tafadhali sana, usiiroweke majini! Wino wa zambarau wa hizo peni huyeyuka na kupauka, uliwekwa hivyo makusudi ili watu wasifute muhuri wakaitumia tena. Ukiilowesha umeiharibu hata kama ni ya kweli.

Kilindini_Kwetu

Swali la taa. Mimi nina duka, ninayo ile taa ya kukagulia noti. Inafaa kwa stempu?

BintiShela

Inafaa, ukiwa gizani. Karatasi ya kisasa hutiwa dawa ya kung'arisha na ikimulikwa huwaka nyeupe ya buluu. Karatasi ya 1890 haikuwa na dawa hiyo, hubaki imefifia. Kwa hiyo nakala iliyochapwa kwa mashine ya leo itajitaja yenyewe. Pia viraka, gundi mpya na wino uliofutwa huonekana. Ila kwa kesi ya huyu ndugu, ambapo stempu ni ya kweli na muhuri ndio wa uongo, taa peke yake haitoshi.

Kilindini_Kwetu

Nimeelewa. Niongeze basi kuhusu zile za pauni za Mfalme George wa Tano, KENYA AND UGANDA, kuanzia 1922. Zilifika hadi pauni 100. Hakuna barua iliyohitaji hivyo, nyingi zilibandikwa kwenye hati za kisheria na kufutwa kwa kalamu. Walaghai huiosha ile kalamu na kugonga muhuri wa posta juu, maana yenye muhuri wa posta ina bei kubwa zaidi. Hapo taa inasaidia sana, alama ya kalamu hurudi kama kivuli. Nimeiona kwa macho yangu, mstari wa sahihi ukipita usoni mwa mfalme, na mchana hauonekani kabisa.

Pwani_Huru

Mimi nina maoni tofauti. Kama mtu anataka kuitia fremu aiweke ukutani Lamu, bandia ina ubaya gani? Mwambie muuzaji akupe kwa euro 10.

MzeeWaBahasha

Hapana ndugu yangu, hilo siliungi mkono. Leo iko ukutani kwa mwenye kujua. Kesho amekufa, watoto wanaikuta, nyuma hakuna maelezo, wanaiuza kama stempu ya Lamu ya 1889, tena sasa ina sifa kwamba imetoka Lamu kwenyewe. Imepata kizazi kipya cha uongo. Na mwenzetu alisema anataka kitu kirudi mjini. Hiki hakikupata kuwa Lamu hata siku moja.

MwanaMkomani

Nakubaliana na Mzee, ukutani haitakaa.

Shukrani nyingi, BintiShela (mimi ni dada). Nimemwandikia muuzaji jana usiku. Kuhusu pfennig 20 nimemweleza habari ya Oktoba 1889 kwa adabu, bado hajajibu. Kuhusu nusu ana nimeomba picha ya kona moja na picha ya mahali muhuri unapokutana na herufi. Akituma nitaziweka hapa.

Swali jingine: kuna na zile stempu za Witu, za Swahililand, 1889. Hizo je?

MzeeWaBahasha

Za Witu ni za kusoma kabla ya kununua. Wataalamu wenyewe wanabishana kama zilisafirisha barua kweli au zilitengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji. Kitu ambacho hata asili yake inagombaniwa, bandia yake utaikataa kwa kigezo gani? Ziache kwa sasa.

Kama mkono unawasha kununua, nunua vitu ambavyo hakuna faida ya kughushi, ujifunze jicho. Kuna jahazi la 1935 la Kenya, Uganda na Tanganyika, ambapo kwenye chapa moja kamba ya tanga inagusa tanga na kwenye nyingine haigusi. Watu wa Lamu mnalijua tanga kuliko mtu wa London, mtaiona upesi. Bei za hizo mbili hutofautiana sana, kwa hiyo soma katalogi ya Stanley Gibbons kwanza. Kuna pia makombe ya baharini ya Kenya ya 1971. Senti 50 na senti 70 zilitoka majina ya kisayansi yakiwa na kasoro, yakarekebishwa 1974: Janthina globosa ikawa Janthina janthina, na Nautilus pompileus ikawa pompilius. Kwa ile ya pili ni herufi moja tu, na zote unazikagua kwa macho bila kifaa.

Na ujiunge na East Africa Study Circle ya Uingereza. Ni wakusanyaji wa stempu za eneo letu hili. Swali kama lako wao wanalipenda.

Baharia_wa_Malindi

Jambo la mwisho kutoka kwangu, la usafirishaji. Ukifika wakati wa kununua, mwambie atume kwa rejista yenye namba ya kufuatilia, stempu iwe kati ya kadi mbili ngumu, na bei ya kweli iandikwe kwenye fomu ya forodha. Wengine hupendekeza waandike euro 5 ili usilipe ushuru. Ikipotea utafidiwa hizo 5.

MwanaMkomani

Amejibu. Picha za nusu ana zimefika, nimeziweka hapo chini. Kona ya juu kushoto nahesabu nukta 16. BintiShela, tazama ile ya pili, pale mkia wa Y unapokatwa na muhuri. Naona muhuri uko juu. Wewe unaonaje?

BintiShela

Naona hivyohivyo, wino wa muhuri umepita juu ya Y bila kukatika. Hilo ni jema, lakini usilipe bado. Herufi C ya COMPANY inanitia shaka kidogo, naona nyembamba upande wa chini, na inaweza kuwa ni mwanga wa picha tu. Mwombe aipige upya mchana, karibu na dirisha, bila taa ya simu. Na sharti la cheti alitie kwenye ujumbe wa mtandao wenyewe, si WhatsApp.