Lindisfarne na Whitby kwa kempavani, nina mama mwenye goti bovu

Mtoto wa Ndanda
Wapendwa, habari za humu. Naishi Leeds, Uingereza. Mwezi wa nane mama anakuja kutoka Masasi, na nimeshakodi kempavani kwa siku nne, yenye kitanda na jiko la gesi. Nataka twende Whitby, Tynemouth, tumalizie kisiwa cha Lindisfarne. Mama alikulia jirani na abasia ya Ndanda. Kengele ya watawa ndiyo ilikuwa saa ya kwao. Kila nikipiga simu ananiuliza kama huku watawa hao, Wabenediktini, wapo. Hizo sehemu tatu zote zilikuwa zao, mpaka Mfalme Henry wa Nane alipozifunga monasteri. Whitby ilifungwa 1539. Nataka azione kuta kwa macho yake.

Ninachoogopa ni ile barabara ya Lindisfarne inayozama baharini. Mimi wa bara, maji siyajui. Na je, tunaweza kulala kisiwani?

Mpemba wa Newcastle
Salaam ndugu yangu. Ni kujaa na kupwa kama kwetu, mara mbili kwa siku. Halmashauri ya Northumberland hutoa jedwali la saa salama za kuvuka. Lifuate hilo, usikisie kwa macho. Siku za bamvua, maji yanapojaa sana, ndiyo uwe makini zaidi, na upepo wa baharini ukivuma, usingoje dakika za mwisho. Njiani utaona kibanda juu ya nguzo: ni cha kujiokoa kwa waliokwama, na kila mwaka wapo wanaokipanda huku gari linazama chini yao. Nilipovuka mimi lami ilikuwa bado na mwani na vidimbwi, nikaenda mwendo wa kinyonga. Ukirudi bara osha gari kwa chini, chumvi haina huruma na chuma.

Kulala garini kisiwani hairuhusiwi. Tafuta kambi upande wa bara.

Mama Wawili
Mdogo wangu, hongera kwa kumkumbuka mama. Whitby usimpandishe zile ngazi 199! Kuna maegesho juu kabisa, karibu na abasia. Mwambie iliasisiwa 657 na mwanamke, Hilda, aliyeongoza watawa wa kiume na wa kike, na kwamba mwaka 664 viongozi wa Kanisa walikutana pale kuamua tarehe ya Pasaka. Kuta zinazoonekana leo ni za baadaye sana. Mpeleke aziguse nguzo: upepo wa chumvi umelitoboa jiwe, limekuwa kama sega la nyuki. Mimi nilitia kidole kwenye tundu moja, kikazama mpaka kiungo cha kwanza. Na beba sweta, hata kama ni Agosti.

Mtoto wa Ndanda
Asanteni sana. Nimelifungua jedwali, siku yetu ya tatu tunavuka asubuhi na kutoka kabla ya adhuhuri. Nimemsomea mama haya yote kwenye simu. Ameuliza jambo moja tu: atapata pa kuwasha mshumaa?

Mpemba wa Newcastle
Kando tu ya magofu ya Lindisfarne kuna kanisa la Mtakatifu Maria, bado linasaliwa. Mimi Mwislamu, sikuuliza habari za mishumaa, lakini mlango niliukuta wazi. Mpe mama shikamoo yangu.