Naomba ushauri: kitalu cha nyasi za kuzibia grini za gofu

Ndugu wanachama, shikamooni wakubwa, na wengine habari za kazi. Ninasimamia uwanja mdogo wa gofu kando ya Arusha, ambako grini (sehemu za nyasi fupi sana zenye shimo la mpira) za nyasi aina ya bermuda zina mabaka, hasa pembeni zinakopenyeza nyasi za kikuyu, na kamati imeniruhusu kuanzisha kitalu nyuma ya karakana.

Kwa majaribio tulihamishia grini moja vipande vya nyasi vilivyooteshwa kwenye udongo mweusi wa hapa. Vilishika vizuri, lakini tabaka hilo la udongo linazuia maji yasishuke kwenye mchanga wa grini, kiasi kwamba ukikanyaga asubuhi maji yanatoka pembeni mwa kiatu. Nimeelewa kuwa kitalu lazima kiwe na mchanga uleule wa grini, ila mchanga uliooshwa ni ghali.

Je, ni lazima nijaze sentimita 30 kama ilivyo kwenye grini, au 15 juu ya changarawe zinatosha, maadamu kipande kinachong'olewa ni chembamba? Na nikipanda vipando vya bermuda mwanzoni mwa masika, nianze lini kushusha mashine ya kukatia kuelekea kimo cha milimita 4 bila kuvidhoofisha?