Freeciv: walio nje hawaingii kwenye seva yangu, na tulioingia tunagombana kuhusu zamu

Kobe_Mkavu

Wakuu habari za humu. Tuko kikundi cha watu wanane tunataka kucheza Freeciv (mchezo huria wa zamu wa kujenga ustaarabu) wenyewe kwa wenyewe, sio kwenye seva za watu. Nimeweka seva kwenye laptop yangu ya Linux, naandika freeciv-server inawaka, nikifungua mchezo nikaweka localhost (yaani mashine hiyohiyo) naingia, na wawili walio kwenye waifai moja na mimi nao wanaingia freshi tu. Kasheshe ni hao walio mbali, ukiwapa IP wanasubiri weee mwisho inagoma kuunganisha. Kwenye ruta nimeshafungua poti 5556 (mlango ambao seva ya Freeciv inasikiliza) kuelekea kwenye laptop, fayawoli nimeizima kabisa kwa majaribio, bado. Kuna mmoja alikuja na laptop yake akaunganisha kwa waifai yangu, yeye anafika lakini anatupwa nje hapohapo eti matoleo hayaendani.

La pili, tulivyojaribu watatu, mmoja akiinuka kidogo wote tunamsubiri abonyeze kumaliza zamu. Nikaweka timeout (muda wa juu wa zamu moja) ya sekunde 30, hapo ndo ikawa vita. Kuna jamaa anavizia sekunde ya mwisho anasogeza jeshi, zamu ikigeuka tu anasogeza tena, mji umechukuliwa hujashika hata mausi. Hiyo ni halali au kuna mahali pa kuizuia?

seva_ya_usiku

Tuanze na hao walio nje mkuu. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, tafuta IP ya upande wa intaneti (mara nyingi imeandikwa WAN), halafu fungua tovuti yoyote inayokuonyesha IP yako. Zikifanana, uko vizuri. Zisipofanana, hasa ile ya ruta ikianza na 10 au iko kati ya 100.64 na 100.127, basi mtoa huduma wako amewaweka wateja wengi nyuma ya IP moja, kitaalamu CGNAT, na hapo unaweza kufungua poti mpaka kesho hakuna kitu, maana mlango uliofungwa sio wa kwako ni wa kwake. Dalili zako zote zinaelekea huko.

Ila kabla hujahukumu, hakikisha haujipimi mwenyewe ukiwa ndani. Ruta nyingi ukiwa kwenye waifai yako ukaita IP yako ya nje inagoma hata kama kila kitu kiko sawa. Zima waifai kwenye simu, tumia data, halafu ndo upime. Na poti ni ya aina ya TCP, usije ukawa umefungua aina nyingine, UDP, peke yake.

Kama ni CGNAT una njia tatu. Kumwomba mtoa huduma IP ya umma, wengine wanatoa wengine wanakuzungusha. Au mnaunganishwa wote na VPN (mtandao wa faragha juu ya intaneti) ya pamoja kama WireGuard au ZeroTier, kisha wanatumia IP ya humo ndani kana kwamba mko chumba kimoja. WireGuard kumbuka nayo inataka angalau upande mmoja unaofikika kutoka nje, ZeroTier ndo inajitafutia njia yenyewe. Au unakodi VPS ndogo, yaani kompyuta iliyoko kwenye intaneti muda wote, seva ikae huko. Mimi ningeenda VPS, maana mchezo wa watu wanane hauwezi kutegemea laptop ambayo mwenyewe akifunika inalala. Freeciv nyepesi sana, ni ya zamu, haihitaji kadi ya picha wala mashine kubwa, kazi inayoipa jasho ni zamu inapoanza na kompyuta inawafikiria wachezaji wake.

Huyo wa toleo ni rahisi. Aliye na 3.0 hawezi kuingia kwenye seva ya 3.1, basi. Chagueni moja wote muweke hiyohiyo. Angalieni na kile kinacholetwa na distro (aina ya Linux) yenu, mara nyingi ni cha zamani kuliko kinachodaunlodiwa kwenye tovuti yao.

Binti_Terminali

Mi naona mmeng'ang'ania poti wakati kinachoua michezo hii ni swali la pili. Seva ukishaiwasha imewaka. Watu ndo wanaokata tamaa zamu ya 40 wakapotea.

Kaka Kobe, kwa kawaida Freeciv wote wanacheza kwa wakati mmoja ndani ya zamu, hiyo ndo phasemode ALL, kwa hiyo huyo jamaa hajavunja sheria yoyote, ametumia tu mwanya. Dawa yake inaitwa unitwaittime. Ukiweka 20, kikosi kilichosogea sekunde 5 kabla ya zamu kugeuka hakiruhusiwi kufanya kitu mpaka sekunde 15 za zamu mpya zipite. Ila haiwezi kuzidi theluthi mbili ya timeout, ndo maana kwa sekunde zako 30 haikufikishi mbali. Unaweza pia kuweka phasemode PLAYER kila mtu na zamu yake, lakini kwa watu wanane wenye timeout hiyo ni mateso, msijaribu.

Timeout nayo msiweke moja ya kudumu. Mwanzo una mlowezi mmoja wawili, dakika moja inatosha na inabaki. Baadaye una miji kumi na tano, wafanyakazi wametapakaa, meli, mabalozi, dakika hiyohiyo hujamaliza hata kupanga miji inajenga nini. Kuna amri timeoutincrease inaongeza yenyewe. Weka haya yote kwenye faili moja, liite mfano wetu.serv:

rulesetdir civ2civ3
set aifill 0
set minplayers 8
set mapsize PLAYER
set tilesperplayer 80
set timeout 60
timeoutincrease 10 0 10 1
set unitwaittime 20
set saveturns 1
cmdlevel basic new

Kwa kifupi, aifill 0 ni bila wachezaji wa kompyuta, minplayers ni idadi ya watu wa kuanzia, mapsize na tilesperplayer zinapima ramani kwa idadi ya wachezaji, saveturns 1 inahifadhi mchezo kila zamu, na rulesetdir inachagua seti ya kanuni, hapa civ2civ3. Mstari wa rulesetdir ukae juu kabisa kwa sababu seti ya kanuni inaweza kuja na setingi zake ikafuta ulizoandika kabla. Huo wa timeoutincrease maana yake kila zamu 10 ongeza sekunde 10. Wa mwisho unawazuia wanaoingia wasijibadilishie setingi, wanapata amri za kawaida za mchezaji tu, wewe unajipa mamlaka kwa cmdlevel admin na jina lako. Kisha:

freeciv-server -p 5556 -r wetu.serv -s saves -l seva.log

Usiweke -m, hiyo inatangaza seva yako kwenye orodha ya dunia nzima na wageni watakuja kuchukua viti vya wenzako.

mshale_mwekundu

Kwa nini msicheze 0 A.D. tu jamani, ni bure, ni chanzo huria, picha ziko vizuri, na ndani ya saa moja mnajua nani kashinda. Freeciv ni ya kuzeekea.

seva_ya_usiku

@mshale_mwekundu 0 A.D. ni tamu sikatai, ila ile ni ya muda halisi, kompyuta za wote zinapiga hesabu ileile sambamba, mmoja akiwa na mashine inayosuasua wote mnaburuzwa. Na ukiiendesha mwenyewe watu wakaingia kwa IP bado kuna kufungua poti, 20595 ya UDP, kwa hiyo tatizo la huyu mkuu linabaki palepale. Watu wanane wenye kazi na ratiba tofauti hawawezi kukaa pamoja saa nzima kila siku. Freeciv unaweza kuweka timeout 86400, yaani zamu moja kwa siku, mtu anaingia usiku anacheza dakika kumi anaondoka.

Kobe ukihamia VPS usiiendeshe kama root (mtumiaji mwenye mamlaka yote), tengeneza mtumiaji wake, na iwashe ndani ya tmux (programu inayoacha kazi iendelee hata ukitoka) la sivyo ukikata ssh (muunganisho wako na hiyo VPS) na mchezo unakwenda. tmux new -s civ, unawasha seva, Ctrl-b halafu d unatoka inabaki inaendelea. Ukirudi tmux attach -t civ.

Kobe_Mkavu

Nimeangalia, ruta inaonyesha 100.7x na tovuti inaonyesha kitu kingine kabisa. Kwa hiyo ni hiyo CGNAT. Nakodi VPS. @Binti_Terminali ubarikiwe, lile faili nalichukua lilivyo. Zamu moja kwa siku nayo imewavutia wengi hapa, ila wanauliza, mtu akisafiri wiki nzima itakuwaje? Na seva ikizima katikati?

Binti_Terminali

Kwa zamu ya siku nzima toa ule mstari wa timeoutincrease hauna maana tena, na unitwaittime ipandishe sana, 28800 ambayo ni muda wa saa nane, maana mtindo wa kupiga saa tano na dakika 59 halafu saa sita na dakika moja unauma zaidi huko, mwenzako kalala.

Anayesafiri aandike mwenyewe kabla hajaondoka: /delegate to na jina la mtu anayemwamini. Huyo mtu anaingia na jina lake la kawaida, anaandika /delegate take na jina la msafiri, anamchezea. Kubalianeni mapema asiwe jirani mwenye mpaka naye. Aliyepotea bila kuaga mwekee aitoggle na jina lake, kompyuta itamshikia mpaka arudi, haichezi vibaya sana ila haitaheshimu mipango yenu ya kando.

Seva ikizima unachukua faili la mwisho kwenye saves, namba ya zamu iko kwenye jina, T0042 na kadhalika, unaiwasha tena kwa -f na jina la faili, wenzako wanaingia kwa majina yaleyale waliyotumia mwanzo kila mtu anakuta nchi yake. Usisahau kuandika start, inakuwa inasubiri hiyo.

mshale_mwekundu

Haya, nafasi ya tisa ipo?

Kobe_Mkavu

Ipo, nabadilisha minplayers. Weka 3.1 kwanza.